Daftari la Waliokufa Elisabethville

Saa 7:12 mchana, tarehe 5 Desemba 1961, magari mawili ya deraya ya jeshi la Sweden yalikuwa njiani kutoka upande wa kiwanja cha ndege cha Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Ndani yake walikaa Wagurkha 16 wa jeshi la India pamoja na kiongozi wao, Kapteni Gurbachan Singh Salaria, kijana aliyetimiza miaka 26 siku sita kabla ya hapo. Hawakutumwa kushambulia. Kampuni nyingine ya kikosi chao, ikiwa na deraya zake, ndiyo iliyopangiwa kuvamia kizuizi ambacho wajandarme wa Katanga walikuwa wamekiweka kwenye mzunguko mkubwa wa barabara. Kazi ya Salaria ilikuwa kuziba njia ya nyuma, asitoke mtu na asiingie mtu wa kuongeza nguvu.

Walikuwa wamebakiza kama mita 1,400 kufika pale risasi zilipowamiminikia kutoka mkono wa kulia. Hakuna aliyejua kwamba upande huo palikuwa pamechimbwa mahandaki. Humo walijificha wajandarme wapatao 90, nao walikuwa na magari mawili ya deraya. Salaria angeweza kurudi nyuma, na kwa hesabu ya kawaida ya kijeshi asingelaumiwa. Lakini aliona kwamba hao 90 wakiachwa wataondoka hapo wakajiunge na wenzao kwenye mzunguko, na shambulio zima litavurugika. Akaamuru roketi zielekezwe kwenye deraya, kisha akawaongoza watu wake mbio kuyaelekea mahandaki, mikononi bayoneti, mabomu ya kurusha na kukri, lile jisu pana lililopinda ambalo Wagurkha hawaachani nalo. Risasi zikampata shingoni. Aliendelea kupigana hadi damu ilipomwishia akaanguka. Taarifa ya jeshi inasema waliouawa upande wa pili walikuwa 40, na deraya zote mbili ziliteketezwa. Kizuizi cha mzunguko kikavunjwa, na njia ya kiwanja cha ndege ikafunguka.

Hiyo hesabu ya 40 msomaji aiweke kando kwa sasa. Tutairudia.

Mji huo ulifikaje hapo? Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alisimama Elisabethville na kutangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Shaba ya kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa nyuma yake, maofisa wa Kibelgiji walikuwa pembeni yake, na muda si mrefu mamluki wakaanza kuingia kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika. Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa kwa ndege mjini humo akiwa amefungwa na kupigwa, akauawa usiku wa tarehe 17 huko Shilatembo, nje ya mji. Baraza la Usalama likaongeza madaraka ya majeshi ya Umoja wa Mataifa, na kati ya Machi na Juni mwaka huo India ilileta brigedi yake ya 99, askari wapatao 3,000 chini ya Brigedia K. A. S. Raja. Wengi wao walipelekwa Katanga.

Mapigano ya kwanza mjini yalilipuka tarehe 13 Septemba 1961. Posta na kituo cha redio viligombewa chumba kwa chumba. Usiku wa kuamkia tarehe 18, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Silaha zikanyamaza kwa wiki chache, ila hakuna aliyezishusha. Tarehe 24 Novemba Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 169 lililoruhusu nguvu itumike kuwaondoa mamluki. Siku nne baadaye maofisa wawili wa Umoja wa Mataifa, Brian Urquhart na George Ivan Smith, walivamiwa na kupigwa walipokuwa katika mwaliko wa chakula mjini. Meja Ajit Singh, Mhindi wa kikosi kilekile cha Wagurkha, alitekwa na kuuawa katika vurugu hizo. Mwanzoni mwa Desemba vizuizi vilikuwa vimeota kati ya mji na kiwanja cha ndege, na bila kiwanja hicho askari wa kofia za buluu wangebaki wamefungiwa kama kuku tunduni. Ndiyo maana mzunguko ule ulihitajiwa kwa gharama yoyote.

Sasa tumrudie kapteni, maana habari yake haikuishia barabarani. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1935 katika kijiji cha karibu na Shakargarh, Punjab. India ilipogawanywa mwaka 1947 sehemu hiyo ikawa ya Pakistan, na familia yake ikahamia upande wa pili, wilaya ya Gurdaspur. Baba yake, Munshi Ram, alikuwa askari katika rejimenti ya Hodson's Horse. Askari wa kawaida, si ofisa, na hilo ndilo lililomfungulia mwanawe mlango. Waingereza walikuwa wamejenga katika India shule za kijeshi zenye jina la Mfalme George kwa ajili ya watoto wa askari wa vyeo vya chini, ya Jalandhar ikiwa miongoni mwa za mwanzo na ya Bangalore ikifuata mwaka 1946. Husimuliwa kwamba mtoto Gurbachan alipokwenda kupimwa mwaka huo alikataliwa kwa sababu kifua chake kilipungua inchi moja. Akarudi nyumbani, akafanya mazoezi, akaja tena kupimwa, akapokelewa Bangalore. Mwaka uliofuata akahamishiwa Jalandhar, nyumbani zaidi. Kutoka hapo alipita katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi, halafu Chuo cha Kijeshi cha Dehradun, na mwaka 1957 akapewa nyota zake za kwanza.

Shule ya Jalandhar ilihama baadaye, na warithi wake leo wako Chail, milimani Himachal Pradesh, kwa jina la Rashtriya Military School. Wanafunzi wake wa zamani wanajiita Georgians hadi leo, ingawa mfalme mwenyewe alishasahaulika. Kwao Salaria ni wa nyumbani. Mwaka 1962 India ilimpa Param Vir Chakra, nishani ya juu kuliko zote za ushujaa vitani, baada ya kifo chake. Hakuna mwanajeshi mwingine wa India aliyewahi kuipata kwa kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Alikuwa pia mhitimu wa kwanza wa Chuo cha Taifa cha Ulinzi kuipokea, na chuo hicho hakijaliacha jina lake lipotee. Huko Khadakwasla, karibu na Pune, kuna jengo dogo la mawe ambalo makadeti wenyewe walilijenga kwa mikono yao, na ndani yake huandikwa majina ya wahitimu waliokufa kazini. Kadeti anayeingia chuoni leo na umri wa miaka 17 hulikuta jina la Salaria ukutani kabla hajajifunza Katanga iko wapi kwenye ramani.

Na si shuleni kwao tu. Miaka ya 1980 shirika la meli la India lilizipa meli zake za mafuta majina ya waliopata nishani hiyo, yeye akiwemo. Tangu 2021 serikali ya India ina mpango unaowataka watoto wa shule nchi nzima waandike insha na mashairi na wachore picha za washindi wa nishani za ushujaa. Januari 2023 visiwa 21 vya Andaman na Nicobar ambavyo havikuwa na majina vilipewa majina ya mashujaa 21 wa Param Vir Chakra, na kimoja sasa ni kisiwa cha Salaria. Kijana aliyekufa kilomita maelfu kutoka bahari yoyote ya kwao ana kisiwa baharini.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Shule ya kijeshi haiwakumbuki wafu wake bure. Inawakumbuka kwa sababu inawalea askari wengine, na hadithi ya inchi moja ya kifua inasimuliwa ili mtoto mwingine afanye mazoezi. Hata hivyo jambo moja linabaki: mtu huyu alipita katika madarasa yaliyokuwa na rejista. Jina lake liliandikwa alipoingia na alipohitimu, kwa hiyo alipokufa palikuwa na watu waliojua waliandike wapi tena. Waayalandi, waliopigana mjini humo chini ya Umoja wa Mataifa, nao wana utaratibu wao. Luteni Paddy Riordan, aliyeuawa tarehe 16 Desemba 1961 katika mapigano ya kuteka njia ya chini ya reli mjini Elisabethville, alipewa nishani ya jeshi la Ireland, na wenzake walionusurika katika mapigano hayo waliirudisha habari yake nyumbani.

Hapo ndipo ile hesabu ya 40 inaporudi.

Maelezo rasmi ya nishani yanataja kikosi cha Salaria, idadi ya deraya, umbali, na dakika ya saa. Kuhusu waliouawa mahandakini yanatoa tarakimu moja, ya mviringo. Walikuwa nani? Jandarmeri ya Katanga iliundwa mwaka 1960 chini ya maofisa wa Kibelgiji. Ndani yake walikuwamo askari wa zamani wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kibelgiji, na vijana walioandikishwa katika jimbo, wengi kutoka kusini lilikokuwa na nguvu chama cha Tshombe cha Conakat. Wako waliojiunga kwa sababu waliamini kabisa kwamba Katanga ni nchi yao. Wako waliofuata mshahara. Kijana aliyelala handakini tarehe 5 Desemba huenda alikuwa na mama katika mtaa wa Kenya au Katuba, umbali wa kusikia milio ya bunduki iliyomuua. Wala sijui shule inayomtaja mwanafunzi wake wa zamani aliyekufa siku hiyo upande huo.

Sababu ya kwanza ya ukimya huo ni ya kisiasa, nayo si ngumu kuielewa. Upande wao ulishindwa. Tarehe 28 Desemba 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza shambulio la mwisho, na kabla Januari 1963 haijaisha utengano ulikuwa umekwisha huko Kolwezi. Wajandarme wengi wakavuka mpaka kuingia Angola. Miaka 14 baadaye waliobaki kati yao na watoto wao walirudi kwa silaha katika vita vya Shaba, jina la Katanga wakati huo, vya 1977 na 1978, na Rais Mobutu akawapa watu wa Katanga sababu nyingi za kutolitaja jina la jandarme aliyekuwa ndugu yao. Shule ya serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, isingeweza kutundika ukutani majina ya waasi.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi, maana imo ndani ya mji wenyewe. Mwishoni mwa Agosti 1961 Waluba wa Elisabethville, wa Kasai na wa kaskazini mwa Katanga, walianza kukimbia majumba yao kwa kuhofia wajandarme na vijana wa Tshombe. Wakajikusanya karibu na makambi ya Umoja wa Mataifa, na katika wiki chache ikazuka kambi ya makumi ya maelfu ya watu, vibanda vya mabati, magunia na nyasi, njaa na ndui. Walikaa humo hadi katikati ya 1962 waliporudishwa kwa treni na ndege walikotoka wazee wao, wengine wakipelekwa Kasai ambako hawakuwahi kuishi. Kwa mtoto wa kambi ile, Mgurkha wa kofia ya buluu ndiye aliyesimama kati yake na panga. Kwa mtoto wa mitaa ya upande wa pili wa mji, Mgurkha huyohuyo ndiye jini la kisu aliyezungumzwa usiku. Watoto hao wawili baadaye walikaa dawati moja. Mwalimu angeanzia wapi kuwafundisha wawaheshimu waliokufa Desemba?

Ukitaka kuona jinsi mambo yalivyochanganyika, soma yaliyoandikwa wakati uleule. Madaktari 46 wa kiraia wa Elisabethville walitoa kijitabu mwaka 1962 wakilishitaki jeshi la Umoja wa Mataifa kwa kupiga mabomu hospitali na kuua raia. Umoja wa Mataifa nao ulisema wajandarme na mamluki walikuwa wakifyatua mizinga kutoka katikati ya nyumba za watu. Georges Olivet, Mswisi mjumbe wa Msalaba Mwekundu, alitoweka tarehe 13 Desemba alipokuwa na wasaidizi wawili katika gari la wagonjwa lenye alama zake zote. Miili yao ilipatikana baadaye imefukiwa. Mkataba wa Kitona wa tarehe 21 Desemba ulisimamisha mapigano kwa muda. Kila upande ukazika wafu wake na kuhesabu wa mwenzake kwa makadirio.

Lakini haingekuwa haki kudai kwamba desturi hii ya kuhesabu bila kutaja ilianza na vita vya Tshombe. Mji ulizaliwa nayo. Elisabethville ilianzishwa 1910, na miaka minne baadaye vita vya wazungu vikaifikia. Charles Tombeur, aliyekuwa mkuu wa Katanga kabla ya kupewa amri ya majeshi ya mashariki, aliongoza Force Publique hadi kuitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kabla ya hapo askari wa Katanga walikuwa wameshapelekwa kuwasaidia Waingereza kuulinda mji wa Abercorn, ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, na mwaka 1915 walikuwa kwenye ngome ya Saisi ilipozingirwa na Wajerumani. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi wenye mizigo kichwani, na katika vita hiyo njaa na kuhara viliwaua watu hao kuliko risasi. Tombeur alipata cheo cha ubaroni kilichobeba jina la Tabora, na mwaka 1951 akasimamishiwa mnara Saint-Gilles, Brussels. Mpagazi hakupata hata mstari katika daftari la kijiji.

Vita ya pili ilikuja kwa namna nyingine. Union Minière ilitakiwa itoe shaba nyingi zaidi kwa ajili ya Washirika, na kutoka Shinkolobwe ikatoka urani iliyotumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani. Bei sokoni zilipanda, mishahara ikabaki chini. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa migodi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi, karani. Gavana Amour Maron alifika na askari. Mpoyi alipigwa risasi, kisha askari wakaufyatulia umati mzima. Idadi ya waliokufa ilitajwa tofauti na kila aliyeitaja. Wafu hao hawakufa mbele ya adui, lakini waliuawa na vita kwa jinsi ileile ambavyo vita huua popote watu wanapoambiwa wafanye kazi maradufu kwa ajili ya ushindi wa mtu mwingine. Na jina moja kati yao, Mpoyi, lilibaki midomoni mwa watu.

Lilibaki kwa njia ambayo shule haikuwa na mkono ndani yake. Mwaka 1965 chama cha watu waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville kiliandika historia ya mji wao. Mwandishi alikuwa André Yav, na lugha ilikuwa Kiswahili cha Katanga, kile cha nyumbani na cha mgodini, bila kuomba ruhusa kwa Kiswahili cha vitabuni. Kazi hiyo, inayojulikana kama Vocabulaire, ilichapwa kwa mashine na kurudufiwa, ikapita mkono kwa mkono. Ndani yake waliopika, waliofua na waliolea watoto wa mabwana ndio wanaosimulia jinsi mji ulivyojengwa na nani alijengewa. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliitoa katika kitabu pamoja na tafsiri, akisaidiwa na Kalundi Mango. Mimi naiona ni moja ya nyaraka kubwa za Kiswahili za karne iliyopita, na inanishangaza kwamba wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hawajawahi kuisikia. Maboi hawakuwa na chuo wala ukuta wa majina. Walikuwa na mashine ya kuandikia na wakubwa wao waliokuwa wakifa mmojammoja, na wakaona waandike kabla hawajaisha.

Baada ya maboi wakaja wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, hivyo vita vya Desemba 1961 vilimkuta ana miaka 14. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi katika picha mia moja na zaidi kidogo, kwenye turubai za magunia ya unga, na akazieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha huyohuyo Fabian, aliyekuwa katika chuo kikuu cha mji huo. Humo yumo Lumumba aliyefungwa kamba, umo utengano wa Katanga, na wamo wafanyakazi wa 1941 wakianguka uwanjani. Picha za namna hiyo ziliuzwa mitaani Lubumbashi, zikatundikwa sebuleni juu ya kiti cha baba, na wenyewe waliziita ukumbusho. Mtoto aliyeketi chini yake akifanya kazi ya shule alikuwa na kitabu cha historia cha Zaire mkononi na historia nyingine ukutani, na mara nyingi hazikukubaliana.

Shule ilichelewa, lakini ilifika. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa mwaka 1956 kama chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Rwanda-Urundi. Wakati wa utengano kilikuwa chuo cha dola ya Katanga, na mwaka 1971 kikawa sehemu ya chuo kimoja cha taifa la Zaire. Tangu 1981 ni UNILU. Mwaka 2000 wanahistoria wake, Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa mbele, pamoja na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval huko Kanada, walianzisha mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi. Watafiti waliingia mitaani badala ya kusubiri watu waje maktaba. Walikusanya masimulizi ya kazi migodini, ya nguo na muziki, na ya vitu vilivyohifadhiwa chini ya vitanda. Maonyesho yakafanywa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na vitabu vikatoka, kimoja kuhusu wanawake, mitindo na muziki mwaka 2002, kingine kuhusu kazi mwaka 2004. Wenye mji waliingia makumbusho wakajikuta wao ndio maonyesho.

Na chuo hicho kina wafu wake pia. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache tu baada ya Mobutu kutangaza kuruhusu vyama vingi, watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya UNILU na kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Mashirika ya haki za binadamu na wanafunzi walionusurika walitaja makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikasimamisha misaada yake, na Konferensi Kuu ya Taifa ikalijadili jambo hilo. Haikuwa vita, ila wanafunzi walikuwa wamelala na waliowajia walikuwa na silaha, na jumuiya ya wasomi iliachwa na tatizo lilelile la mzunguko wa 1961: tarakimu inayobishaniwa mahali palipopaswa kuwa na majina. Tofauti ni kwamba mara hii waliokufa walikuwa watu wa rejista. Kila mwanafunzi ana namba, kitivo, mwaka wa masomo. Orodha ya walioingia mwaka wa masomo wa 1989/90 ikiwekwa kando ya orodha ya waliorudi darasani, pengo litaonekana, na atakayelificha itambidi aeleze.

Hali si hiyo kwa wale wa 1961, na ndiyo maana napenda kazi ianzie kwao. Parokia za Kikatoliki za mitaa ya mji zimezoea kuandika ubatizo na mazishi. Union Minière ilijulikana kwa kuandika kila kitu kuhusu wafanyakazi wake, pamoja na watoto wao waliosoma katika shule za kampuni. Wazee waliokuwa na miaka 15 mwaka ule sasa wanakaribia 80, na baadhi yao bado wanakaa Kenya, Katuba na Kamalondo. Idara ya historia ya UNILU tayari inajua njia ya kuingia katika nyumba hizo na lugha ya kuulizia. Ianze na tarehe 5 Desemba na wale 40 wa mahandakini, ikishawapata iende kwa waliofia kambini, kisha kwa wale wa uwanja wa mpira, bila kuuliza kwanza nani alikuwa upande gani. Huko Khadakwasla makadeti waliokota mawe wenyewe. Wanafunzi wa Lubumbashi wangehitaji madaftari tu.